Mjane wa Askari Asigeuzwe Ombaomba

Askari wa Tanzania anapoanguka vitani, jeneza lake hufunikwa bendera ya Taifa na risasi hupigwa kwa heshima yake. Hiyo ni haki yake. Lakini mlio wa bunduki haumlishi yatima.

Wengi wa mashujaa wa Vita vya Kagera vya 1978-79 wamelala Kaboya. Mwaka 2013 walinda amani saba waliuawa Darfur; Desemba 7, 2017, wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, Kongo. Askari hatoki hewani. Hutoka vijijini, kama vile vya Umatengo na vya mwambao wa Nyasa, tangu Lituhi hadi Mbamba Bay.

Katika vijiji wapo watu ambao, hata kabla matanga hayajaanuliwa, huanza kuhesabu miche ya kahawa ya marehemu, hugawana nyavu na mtumbwi wake, kisha humwamuru mjane arudi kwao. Unyang'anyi huo wanauita mila! Adui amemwua mume. Shemeji anaibomoa nyumba iliyosalia.

Mila ya kweli ya Wamatengo ni ngokela, watu kulimiana kwa zamu. Katika ngoro, mwanamume hufyeka na kupanga nyasi, mwanamke huzifukia kwa udongo. Mjane wa askari amebaki na nusu ya kazi. Nusu ya pili ni deni la kijiji kizima. Ama ile mila ya kumnyima mwanamke ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha kuibatilisha.

Wako watakaosema kwamba Serikali imekwisha kulipa mafao. Mafao ni haki, si mwisho wa wajibu. Na mara nyingi ndiyo yanayowaita wanyang'anyi. Kwa hiyo serikali ya kijiji imsindikize mjane hadi Mahakama ya Mwanzo, mirathi ifunguliwe mapema. Chama cha ushirika kiandike kahawa kwa jina lake. Na viongozi wanaoweka mashada Julai 25, Siku ya Mashujaa, wasiishie mnarani. Wakapige hodi mlangoni kwake.

Mkoa wa Ruvuma, unaowakumbuka kila Februari mashujaa wa Majimaji walionyongwa Songea mwaka 1906, haustahili aibu hii. Shujaa amekwisha kulipa sehemu yake yote. Deni lililobaki ni la walio hai.