Setilaiti Haioni Sahihi



Kila watu wanapofukuzwa katika msitu wa Mau, nchini Kenya, hoja huwa ni kwamba picha za setilaiti zimekwisha kuthibitisha uharibifu. Tujiulize: zimethibitisha uharibifu wa nani?

Picha zenyewe sizipingi. Setilaiti za Landsat zinapita juu yetu tangu 1972, na tangu 2008 picha zake hutolewa bure. Jani bichi hurudisha kwa wingi mwanga fulani usioonekana kwa macho. Udongo uliolimwa hurudisha kidogo. Ukilinganisha miaka, unauona msitu ukirudi nyuma kwenye vyanzo vya Nyangores na Amala, mito inayoungana kuwa Mara na kupitia Serengeti hadi Ziwa Victoria. Kikosi kazi cha serikali kilieleza mwaka 2009 kwamba takribani hekta 107,000, yaani robo ya Mau, zilikuwa zimepotea katika miongo miwili. Anayekana hayo anajidanganya, na wanasiasa wa namna hiyo tunao.

Lakini setilaiti huona mti ulioanguka, haioni sahihi iliyouangusha. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilitangaza kuzitoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau katika hifadhi. Kutoka angani, shamba la maskini aliyeuziwa kipande na shamba la mkubwa aliyejigawia yana rangi moja. Na chai je? Chai ni kijani mwaka mzima. Mchambuzi asiyepanda mlima kwa miguu, akichanganywa pia na mawingu na vivuli vya miteremko, aweza kuiita msitu! Mahindi ya mnyonge hayana bahati hiyo.

Mnamo 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliikataa hoja kwamba Waogiek, wenyeji wa msitu huo, ndio walioumaliza. Ilitaja uvamizi wa watu wengine, ardhi ya msitu iliyomegwa na serikali kwa makazi, na vibali vya kukata magogo. Hata hivyo, Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena.

Tume ya Ndung'u iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma ilitoa ripoti yake mwaka 2004, ikiwa na majina. Basi picha na majina hayo viwekwe juu ya meza moja, hekta kwa hekta, kabla tingatinga halijawashwa.