Gharama ya Kuanza Mchezo

Mchezo wowote wastahili jina lake kwa sharti moja: wachezaji wawili wanapoketi kukabiliana, tofauti baina yao iwe ni akili, mazoea na bahati ya saa ile, wala isiwe ni uzito wa mifuko yao. Bao huwapa wapinzani kete 64, nusu kwa nusu. Karata za kawaida huchanganywa zote 52 na kugawiwa mbele ya macho ya watu, na tajiri hana dukani pa kununulia ree ya tano. Sharti hilo ni la kale sana, hata haikudhaniwa kuwa litahitaji kutetewa. Lakini tangu mwaka 1993 iko jamii ya michezo iliyolivunja, na kulivunja huko kumesifiwa kuwa ni uvumbuzi. Hiyo ni michezo ya karata za kukusanya.

Wa kwanza katika jamii hiyo ni Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, na kutolewa huko Marekani na kampuni ya Wizards of the Coast. Fikira yake ilikuwa njema. Kila karata ina sheria yake iliyoandikwa juu yake. Kila mchezaji huchagua karata zake mwenyewe, hupanga fungu lake, kisha hukutana na mpinzani mwenye karata ambazo pengine hajapata kuziona. Uhuru huo wa kutunga fungu ni sanaa, nao haustahili kudharauliwa. Kasoro haikuwa katika mchezo bali katika namna ya kuuza. Karata zilitiwa katika pakiti zilizofungwa. Katika pakiti ya karata 15, karata 11 zilikuwa za kawaida, 3 za nadra kidogo, na 1 tu ilikuwa adimu. Wala mnunuzi hakujua ni ipi mpaka alipe na kufungua. Waswahili wana jina la biashara hiyo: kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Mbunifu mwenyewe alitazamia kuwa mtu atatumia fedha kiasi cha kununulia mchezo mwingine wowote wa nyumbani, na kwamba karata zenye nguvu zitatawanyika, mbili hapa na moja kule. Watu hawakufanya hivyo. Walinunua pakiti kwa wingi, wakarundika karata zenye nguvu, na muda si mrefu ikapasa kuwekwa kanuni kwamba karata ya jina moja isizidi nakala 4 katika fungu. Kanuni hiyo ilipunguza ubaya lakini haikuuondoa. Iliweka mpaka wa kile ambacho fedha yaweza kununua, na katika kuuweka ikakiri kwamba fedha yanunua.

Watetezi wa biashara hii husema kuwa kuanza ni rahisi, kwani pakiti moja haizidi bei ya chakula cha mchana katika miji ya Marekani. Hapo ndipo neno linapopotoshwa. Kuanza mchezo si kununua kitu cha kwanza. Kuanza ni kufika mahali ambapo mtu aweza kuketi mbele ya mwingine akawa na tumaini la haki la kushinda. Mtu aliyenunua kasia hajawa na mashua, na mwuza makasia anayemwambia kuwa safari imekwisha anza hamwambii kweli.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Mwaka 2008 mchapishaji aliongeza daraja la nne la uadimu, juu ya yale matatu ya awali. Karata ya daraja hilo ilipatikana takriban katika pakiti 1 kati ya 8, na toleo kubwa aghalabu lilikuwa na karata 15 za namna hiyo. Basi aliyeitaka moja kwa jina lake alikuwa na nafasi 1 katika pakiti 120. Aliyezitaka nakala zote 4 zinazoruhusiwa alipaswa kufungua, kwa wastani, pakiti 480, ambazo ni karata 7,200 ili apate karata 4.

Hakika hakuna mwenye busara afanyaye hivyo. Mchezaji huenda kwa wauzaji wa karata mojamoja na kuinunua ile aitakayo. Lakini bei anayokuta huko ni mtoto wa hesabu ile ile. Mtu mwingine alifungua pakiti zile kwa niaba yake, naye ataka kulipwa. Ndiyo sababu fungu la karata 60 linaloweza kusimama katika mashindano hufikia mara nyingi mamia ya dola. Wala malipo hayaishi hapo. Tangu mwaka 1995 upo utaratibu wa mashindano unaokubali karata za matoleo ya karibuni tu. Karata zikichakaa umri, hata kama hazijachakaa karatasi, hutolewa. Anayefuata utaratibu huo haanzi mara moja maishani. Huanza tena na tena, na kila mara hulipa.

Hasara iliyo kubwa kuliko fedha ni hasara ya mafunzo. Kushindwa ndiko mwalimu wa kila mchezo. Anayefungwa katika bao hurudi nyumbani akifikiri wapi alikosea kusambaza kete, na kesho huja na jibu. Lakini kijana aliyefungwa na karata ambayo hana uwezo wa kuinunua ajifunze nini? Alihesabu vyema, akasubiri pale palipofaa kusubiri, akashambulia kwa wakati wake, akafungwa. Yamkini ataondoka mezani akijiona mjinga, na hali hakuwa mjinga. Alikuwa maskini tu. Mchezo unaomfanya maskini ajidhanie mjinga umemdhulumu mara mbili. Na aliyeshinda naye amedhulumiwa, maana hatajua kamwe kama alishinda kwa akili yake au kwa kisu kikali alichokinunua.

Itasemwa kuwa uadimu ni jambo lisiloepukika, kama uadimu wa lulu. La! Lulu huzaliwa baharini; karata huchapwa kwa mashine, na mashine ile ile huchapa iliyo adimu na iliyo ya kawaida kwa wino mmoja. Historia inatoa ushahidi. Mwaka 1995 lilitolewa toleo la Chronicles, lililochapa upya karata nyingi za zamani. Wakusanyaji walilalamika kuwa thamani ya mali yao imeshushwa, na mwaka 1996 kampuni ikatangaza orodha ya karata ambazo haitazichapa tena. Ahadi hiyo ilifanywa kwa wenye karata, na gharama yake ikaachiwa wasio nazo. Kisha mwaka 2022, katika kuadhimisha miaka 30 ya mchezo, kampuni iliuza pakiti 4 za karata 15 kwa dola 999, zikiwa na karata za toleo la kale zilizochapwa upya, na mgongo tofauti. Kila karata ilizidi dola 16, mnunuzi hakujua ataipata ipi, na hata moja haikuruhusiwa katika mashindano rasmi. Karatasi ilikuwapo, wino ulikuwapo, na mchapishaji alikuwa ni yule yule. Kilichokosekana ni nia ya kufungua mlango.

Hoja ya hiari nayo hutolewa: hakuna anayelazimishwa. Ni kweli, lakini hata mcheza kamari halazimishwi, na bado serikali nyingi huona wajibu wa kumlinda. Mwaka 2018 tume ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya kamari iliamua kuwa baadhi ya masanduku ya bahati yaliyouzwa ndani ya michezo ya kompyuta ni kamari. Pakiti ya karatasi haikuhukumiwa siku ile, lakini mfano wake haukuwa mbali.

Hoja ya akiba ndiyo dhaifu kuliko zote. Husemwa kuwa fedha haikupotea, kwani karata yaweza kuuzwa tena. Yaweza, endapo haikupigwa marufuku, haikuchapwa upya, na haikutolewa katika utaratibu. Na hata ikiuzwa kwa faida, faida hiyo hutoka wapi? Hutoka kwa yule ajaye nyuma. Kila senti ya faida ya mkusanyaji ni deni la mwanafunzi wa kesho.

Pasiwe na mtu wa kusema kuwa dawa haijulikani. Kampuni hiyo hiyo huuza mafungu yaliyokwisha pangwa, ambayo kila karata yake hujulikana kabla ya kulipa. Nao wachezaji wamejiwekea utaratibu wa kutumia karata za kawaida peke yake, uliokubaliwa rasmi mwaka 2019. Mambo hayo hutajwa kama utetezi, na kumbe ni ushahidi wa mashtaka: anayeweza kuuza kwa uwazi huchagua kuuza gizani. Mfano ulio wazi zaidi ni Netrunner, mchezo mwingine wa Garfield, uliotoka mwaka 1996 katika pakiti za bahati. Mwaka 2012 kampuni ya Fantasy Flight Games iliutoa upya kwa jina la Android: Netrunner, katika visanduku visivyofichwa kitu. Haukukosa dosari, kwani visanduku viliongezeka na gharama ikaongezeka navyo. Lakini kila mtu alijua anachonunua. Ulipokoma mwaka 2018 kwa kumalizika kibali, wachezaji wenyewe waliunda shirika lisilotafuta faida, liitwalo leo Null Signal Games, linalotunga karata mpya na kuwaruhusu watu wazichape bila malipo kwa karatasi zao wenyewe. Mchezo haukufa kwa kukosa uadimu, na werevu wa wachezaji haukupungua kwa kuwa karata zao zilitoka katika mashine ya nyumbani.

Basi mkusanyaji na aachiwe anachokipenda. Picha ya pekee, wino wa dhahabu, sahihi ya mchoraji: hivyo vyote na viwe adimu, viuzwe kwa bei yoyote ambayo mpenzi wa mapambo atakubali kulipa. Lakini nguvu ya karata, sheria iliyoandikwa juu yake, si pambo. Ni sehemu ya mchezo kama lilivyo shimo katika ubao wa bao, na haifai shimo liuzwe kwa mmoja na kufichwa kwa mwingine. Mchapishaji anayetaka kuuita mchezo wake mchezo na atangaze bei moja ya kuingia, iliyo kamili, inayompa anayeingia kila chombo alicho nacho anayemkuta mezani. Asipofanya hivyo, na aandike juu ya pakiti zake jina linalolingana na biashara yake, ili kijana mwenye fedha kidogo ajue kabla ya kufungua kwamba hajaanza kucheza, ameanza kulipa.