Kindu: Gari inakataa kuwaka, injekta zinalaumiwa bure

Kwenye garaji za mjini Kindu hukumu inatoka haraka. Hilux yenye injini mpya ya mazutu inaletwa ikisukumwa na vijana. Fundi anageuza ufunguo mara mbili, demareri inalia, injini haiwaki, na kabla hajaangalia chochote jibu limekwisha kutolewa: injekta zimekufa. Injekta moja mpya ni mamia ya dola, na injini ya Hilux inabeba nne. Zinaagizwa mbali, zinangojewa. Zikifungwa, gari inaweza kukataa vilevile, juu ya ugonjwa haukuwa hapo.

Desturi hii ikome. Anayeilipa si fundi. Ni mama mwenye uchungu wa kuzaa anayengoja ambulansi kwenye njia ya Kalima, na ni jamaa zilizokimbia vita ambazo unga wao umelala ndani ya lori iliyokwama.

Mafundi wengi wa hapa walifunzwa kwa Land Cruiser ya zamani, ile ya injini 1HZ, na kwa injini hiyo ni mabingwa. Pompi yake inasukuma mazutu kwa kila injekta kupitia bomba lake. Gari ikikataa, fundi analegeza nati za mabomba huku mwenzake anazungusha demareri, hewa inatoka, safari inaendelea. Injini za komoni reli hazifanyi kazi hivyo. Pompi inajaza bomba moja nene la pamoja, na kompyuta ya injini ndiyo inayofungua injekta kwa umeme. Kwenye injini nyingi, mgandamizo ukiwa chini ya baa 200 au 300 wakati wa kuwasha, kompyuta haifungui kitu. Injini ikifanya kazi kwa nguvu, mgandamizo unapita 1,000. Tairi ya lori kubwa ina baa 8 hivi.

Kwa hiyo kulegeza nati za mabomba ya injekta wakati injini inazunguka ni hatari kubwa. Mazutu inatoboa ngozi kama sindano na kuingia ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kidogo, halafu mkono unaoza. Aliyechomwa hivyo aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama haumii.

Swali la kwanza basi si injekta gani imekufa. Ni kwa nini mgandamizo haupandi, na kutafuta jibu kunaanza na vitu vya bei ndogo. Batri ikiwa dhaifu, demareri inazunguka polepole na pompi haijazi bomba. Kisha moshi: demareri ikizunguka na bomba la moshi halitoi kitu, mazutu haiingii kwenye silinda. Moshi mweupe ukitoka, mazutu inaingia lakini haiungui. Hayo mawili ni magonjwa tofauti, na kuyaona hakuhitaji senti.

Kisha hewa. Kwenye Hilux nyingi pompi inanyonya mazutu yenyewe kutoka kwa tanki. Bomba la mpira likipasuka kidogo, halidondoshi tone hata moja, linavuta hewa. Usiku mazutu inarudi kwa tanki, asubuhi demareri inahangaika. Fundi akandamize pompi ndogo ya mkono iliyo juu ya filtri mpaka iwe ngumu, kisha awashe. Ikiwaka mara moja, atafute mahali hewa inapoingia na aziache injekta zilale.

Gari inayowaka vizuri asubuhi na kukataa ikiwa ya moto ina habari nyingine. Mazutu ya moto ni nyepesi, inapenya mahali palipochakaa ndani ya injekta au pompi. Hapo ndipo injekta zinaweza kushukiwa, na bado zipimwe: mipira minne midogo kwenye njia za kurudisha mazutu, chupa nne za maji zilizo tupu, injini izungushwe. Chupa inayojaa haraka kuliko nyingine inaonyesha mwizi. Kama zote zinalingana na mazutu ni kidogo, macho yarudi kwa pompi, kwa vali yake ya kupima mazutu, na kwa vihisi. Buji za kupasha joto zinalaumiwa sana pia, lakini Kindu si Ulaya. Baridi ya hapa haitoshi kuizuia injini nzima ya aina hii isiwake. Na kupuliza eta kwenye njia ya hewa ni kubahatisha tu, kubahatisha kunakoweza kupasua injini.

Mafundi wanajibu kwamba mashine ya kusoma kompyuta ya gari ni ghali. Ni kweli, na hapo lawama inawapita. Mashirika ya kiutu na wakubwa wa serikali wanaleta gari za kisasa, wanapiga picha za kukabidhi funguo, lakini hawaleti filtri wala mashine hiyo. Mazutu ya Kindu inasafiri kwa reli kutoka kusini au kwa mto kutoka Ubundu, inamiminwa kutoka pipa hadi pipa, na mwisho inauzwa kwa bidoni na wale ambao miji mingi ya mashariki inawaita kadafi. Maji na mchanga vinaingia njiani. Pompi ya komoni reli inalainishwa na mazutu hiyohiyo. Ikipata maji inajikwaruza, na unga wa chuma unaingia ndani ya injekta. Ndiyo, kuna injekta zinazokufa kweli. Zinauawa na bidoni chafu, na mpya zikifungwa juu ya uchafu uleule zitafuata.

Anayetoa ambulansi atoe pia filtri za mwaka mzima, na mashine moja ambayo garaji kadhaa zinaweza kushirikiana. Shofere naye achuje mazutu ya bidoni kabla ya kuimimina. Chini ya filtri kuna skrubu ya kutolea maji. Inafunguliwa kwa vidole, injini ikiwa imezimwa, kabla ya kuondoka.