Ndugu Wawili, Muziki Mmoja



Huku kwetu Endagikot, Mbulu, mwezi wa Julai ukungu hushuka hadi mlangoni. Asubuhi moja ya namna hiyo nilisikia mlio wa ajabu kutoka chumba cha watoto: kinanda kikivuta sauti ndefu, na ndani yake kengele za ng'ombe wetu! Niliingia nikamkuta binti yangu mdogo ameinamia simu.

"Kelele gani hii? Mbona haina maneno?" nilimwuliza.

"Kaka amenitumia, mama. Mimi nilirekodi kengele, yeye akaziunganisha na kinanda chake huko Arusha."

Nilikaa kitandani. Watoto hawa walikuwa hawajasemezana tangu Krismasi, na kosa lilikuwa langu. Mbele ya wageni nilimwambia mdogo, "Kwa nini huwi kama kaka yako?" Tangu siku ile alimchukia kaka yake, ambaye hakumkosea lolote.

Muziki ule hutengenezwa kwa vinanda vya umeme na kompyuta. Hauna mdundo wa kuchezea. Hujaza chumba taratibu, kama ukungu wetu. Mmoja wa waliouanzisha ni Mwingereza, Brian Eno. Mwaka 1975 aligongwa na gari, akawa amelala kitandani. Rafiki alimwachia santuri ya kinubi ikilia kwa sauti ndogo mno, huku mvua ikinyesha nje. Hakuweza kuinuka kuongeza sauti, akasikiliza kinubi na mvua pamoja. Ndipo alipoona kwamba muziki unaweza kuwa sehemu ya chumba.

Brian alizaliwa mwaka 1948, mdogo wake Roger mwaka 1959. Baba yao alikuwa mgawa barua wa posta. Brian alisomea uchoraji. Roger alisomea muziki. Mwaka 1983 walishirikiana na Daniel Lanois wa Kanada kutoa muziki wa filamu kuhusu safari za mwezini. Baadaye Roger alikuwa akipiga kinanda nyumbani kwake na kumtumia kaka yake. Kinanda hicho kiliandika kila kidole kilipogusa, hivyo Brian aliweza kubadilisha mlio bila kuharibu tuni ya mdogo wake. Mara nyingi aliifanya kazi hiyo akiwa ndani ya treni. Waliendelea hivyo miaka mingi, hadi mwaka 2020 vipande 18 vikatoka katika albamu iitwayo Mixing Colours. Agosti 2021 walipiga pamoja mbele ya watu huko Athens, Ugiriki. Brian alikuwa na miaka 73.

Je, sisi akina mama tunajifunza nini?

Kwanza, watoto hawalazimiki kufanana. Kama Roger angeambiwa awe Brian, tuni zile zingetoka wapi?

Pili, wape kazi ambayo mmoja haimaliziki bila mwenzake. Mmoja akamue, mwingine apeleke maziwa. Mmoja atunge wimbo, mwingine apige kinanda. Kuwaambia "pendaneni" bila kuwapa la kufanya pamoja hakusaidii sana.

Tatu, umbali si mwisho wa undugu. Wanetu wengi wako Arusha, Babati au Dar es Salaam. Wasitumiane salamu za shida na maombi ya fedha tu. Watumiane pia kitu walichokitengeneza kwa mikono yao.

Asubuhi ile nilimshika binti yangu mkono nikasema, "Mwanangu, nilikukosea mbele ya watu." Hakujibu. Alinisogezea simu sikioni, tukasikiliza tena tangu mwanzo. Safari hii niliitambua kengele ya ng'ombe wetu mweusi. Jioni kaka yake alipopiga simu, yeye ndiye aliyekimbia kuipokea.

Nawe mama, je, kuna mtoto nyumbani kwako uliyempima kwa kipimo cha mwenzake? Usingoje Krismasi. Mwite leo uzungumze naye.

Tukutane mwezi ujao.