Ua wa ploti uwe malisho ya nyuki

Anayenunua ploti ya futi 50 kwa 100 Kitengela au Kona Baridi hufikiria ua kabla hata ya kuchimba msingi. Mmoja husimamisha nguzo na seng'enge, mwingine hujenga ukuta wa mawe, mwingine hupanda kaiyaba. Wote huliona jambo hilo kuwa la usalama tu. Lakini ploti zinavyozidi kuongezeka Kajiado, ua ndio utakaoamua kama nyuki wa eneo hili watakula au watahama. Ndiyo maana nasema kwamba popote udongo na mvua vinaporuhusu, mpakani pa ploti papandwe mukinduri, mti wa asili wa misitu yetu ya nyanda za juu, ambao wakulima na wafugaji wa nyuki wameujua kwa vizazi.

Zamani hapakuwa na haja ya kuwapangia nyuki malisho. Ranchi za vikundi zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 ziliacha ardhi wazi, migunga ikachanua kwa zamu kufuata misimu ya mvua, na asali haikukosekana katika sherehe za Wamaasai. Baadaye ranchi ziligawiwa wanachama, mashamba yakakatwa ekari, na ekari zikakatwa ploti. Kila mkato uliondoa miti, iwe kwa makaa au kwa kusafisha kiwanja ili mnunuzi akione vizuri. Hata hivyo mgawanyo huohuo umezaa mipaka mingi. Ploti moja ya kipimo hicho ina ua wa futi 300, yaani takriban mita 90. Kila mwenye ploti akiacha miti mitano tu ikue wima mpakani, mtaa wa ploti mia moja utakuwa na miti mia tano inayochanua, bila yeyote kutoa hata robo ekari kwa ajili ya msitu.

Mukinduri unastahili nafasi hiyo kwa sababu nyingi. Hukua haraka, na ukishashika mizizi huvumilia kiangazi. Majani yake ni machungu, hivyo mifugo huyaepuka, na hilo ni jambo kubwa mahali ambapo mbuzi wa jirani humaliza mche kabla haujafika magotini. Jani ni kijani juu na rangi ya fedha chini. Mvua ikinyesha vya kutosha, matawi hujaa vishada vya maua ya manjano hafifu vinavyoning'inia kwa urefu wa shubiri hivi. Maua mengi katika kishada ni ya kiume na hutoa chavua, chakula kinacholisha majana ndani ya mzinga na kulipa kundi nguvu mpya baada ya ukame. Baadaye huja njugu ngumu ya kijivu yenye mbegu tatu. Mbegu hizo zina mafuta yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake, na hapa nchini yamewahi kukamuliwa ili yaendeshe mitambo.

Kuna watakaouliza kwa nini tusiendelee na mukima na jakaranda, ambayo nyuki pia huitembelea. Ni kweli huitembelea, na hakuna haja ya kung'oa iliyopo. Lakini mukima ulitoka Australia na jakaranda Amerika Kusini, nayo tayari imejaa mitaani na mashambani. Nyuki huhitaji chakula cha miezi mbalimbali, na kila mti wa asili unaorudishwa huziba pengo katika kalenda hiyo. Wengine watasema asali ya mukinduri ni nyeusi na ina ladha kali. Hilo nalo ni kweli, na wapo wateja wanaopenda asali nyepesi. Ila maua haya hudumu muda mfupi, na faida yake kubwa ni kulijenga kundi ili liwe na nguvu migunga itakapochanua.

Hofu ya kuumwa nayo ni ya haki, kwa kuwa nyuki wetu ni wakali. Hata hivyo nyuki hulinda mzinga wake. Akiwa kwenye maua anatafuta chakula, hatafuti ugomvi. Kupanda mti si kuweka mzinga. Mizinga ikae mbali na nyumba, njia na mifugo, nao nyuki watasafiri kilomita kadhaa kuyafuata maua. Pingamizi zito zaidi ni la udongo. Mukinduri hupenda mvua ya kuanzia milimita 800 kwa mwaka na udongo usiotuamisha maji. Unafaa miinuko ya kuelekea Ngong kuliko nyika kavu ya udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Huko chini mukinduri usilazimishwe. Papandwe migunga ya hapohapo, hasa ile ambayo Wamaasai huiita oiti, inayosifika kwa asali. Na kokote uliko, mti ukae mbali na msingi wa nyumba.

Ua ukikatwa kila mwezi hadi kiunoni hautachanua, kwa hiyo miti ya kona iachwe ikue. Serikali ilizindua Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ikapewa siku ya mapumziko ili ipande. Hesabu ya miche haitoshi. Tuulize pia ni miti gani, na inalisha nani. Kanuni za serikali za 2009 zilitaka asilimia 10 ya ardhi ya kilimo iwe na miti, lakini ploti ya makazi si shamba. Kaunti ya Kajiado inaweza kuliziba pengo hilo kwa kumtaka kila anayegawa ardhi apande miti ya asili kando ya barabara za ndani kabla ya kuuza, na kwa kuhakikisha miche yake inapatikana vitaluni kwa bei nafuu. Mwenye ploti naye hana sababu ya kuisubiri kaunti. Mvua za vuli zikianza Oktoba, mashimo matano mpakani yawe tayari.