Tauni, njaa na risasi: agizo la Kiislamu la kubaki linavyopimwa Kivu

Waislamu wengi wanalijua agizo la Mtume Muhammad: ukisikia tauni iko katika nchi, usiingie; ukiwa ndani, usitoke kwa kuikimbia. Mwaka 639 Khalifa Umar, akiwa njiani kwenda Sham, alisikia tauni imeingia huko. Aliamua kurudi Madina, na ndipo Abdurrahman bin Auf akamweleza kwamba hadithi hiyo ipo.

Kivu Kaskazini ni vigumu kulifuata. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2200, wengi wao jimboni humo na Ituri, huku wakaaji wakihama kila mara sababu ya mashambulizi. Mwaka 2024 mpox iliingia katika kambi za wahami kandokando ya Goma. Mwezi wa pili 2025, baada ya M23 kuteka mji, wahami walipewa saa 72 waondoke. Nani angewaambia wabaki?

Hapo maneno «kwa kuikimbia» yana uzito. Wanazuoni wengi wanaruhusu kutoka kwa haja nyingine, na risasi ni haja isiyobishaniwa. Lakini anayetoka bado ana wajibu wa kutowaambukiza wanaompokea, kwa hiyo akiona vipele aende kituo cha afya kwanza, hata kabla ya msikitini.

Kuhusu njaa, sheria haina utata. Wakati wa ukame wa Arabuni, Umar aliagiza chakula kutoka majimbo mengine, na inasimuliwa kwamba alisimamisha adhabu ya wizi. Anayeficha unga angojee bei ipande barabara zikifungwa, huyo anatenda haramu, vita au bila vita.