Moshi Katika Nyumba Zetu

Wasomaji wetu wa Murusagamba, huko Ngara karibu na mpaka wa Burundi, wanaijua baridi ya milimani. Usiku ukiingia madirisha hufungwa, na kuni zikiwaka ndani moshi hukosa pa kutokea. Auvutaye zaidi ni mama aliye mekoni, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake.

Twawasikia wengine wakisema kwamba wazee wetu waliishi na moshi huo wakazeeka. Ni kweli; lakini waliokufa wachanga hawakubaki kutoa ushahidi! Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu wapatao 3,200,000.

Siku hizi hewa ya nyumbani hupimwa kwa vyombo, na afya ya wakaaji pia. Mkoani Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 za ghorofa, zenye kuta za wavu zipitishazo hewa na kuzuia mbu, wakazigawa kwa kura, ili walinganishe afya ya watoto wa humo na ya wale wa nyumba za kawaida.

Ghorofa si ya kila mtu, nasi hatuidai. Twamtaka baba ajengaye alifikirie jiko kabla ya sebule. Dohani yaweza kungoja. Matundu chini ya paa hayangoji. Fundi akiacha nafasi za matofali wakati ukuta unapanda, hakuna gharama ila ya wavu. Ukuta ukishapigwa lipu, atalipwa kuubomoa.